Akida Aliyetujibu Vizuri

Hakuwahi kujibu swali akiwa amekaa. Hata kama aliyeuliza ni mchunga mbuzi mwenye matope miguuni, akida alifunga kitabu chake, akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kanzu, kisha akamtazama mwulizaji usoni mpaka mwenyewe akaona haya. Ndipo akajibu. Sisi tulikuwa tumezoea wakubwa wanaojibu huku wakitafuna. Kwa hiyo miezi ya mwanzo tulirudi makwetu tukisema, "Safari hii tumepata mtu." Ilituchukua muda kuona kwamba kule kusimama kulikuwa sehemu ya jibu, na mara nyingi ndiyo sehemu kubwa.

Wajerumani walimweka kati yao na majumbe wetu. Boma lilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, na Bwana wa boma hakuja ila kwa kodi au kwa hasira. Askari ndio waliokuja. Walikuja kutafuta wapagazi, walikuja kutafuta waliotoroka, walikuja kwa sababu mahali fulani pombe ya mtama ilikuwa imeiva. Wazee walipolalamika sana, mpaka vijiji viwili vikahamia porini, Bwana aliamuru kwamba akida afanye baraza kila mwezi uandamapo, asikilize malalamiko juu ya askari, na ajibu mbele ya majumbe wote. Askari wale hawakuwa wake. Hakuwalipa, hakuwapa bunduki, hakuweza kumfukuza hata mmoja. Lakini aliyesimama kuulizwa habari zao alikuwa yeye.

Kwa sauti yake ungedhani ni wake. "Askari wetu," alisema, "wana mapungufu, nami nayajua." Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, kila neno limeoshwa. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwa nusu tu, nao walipenda kukisikia kutoka kwake hata pale wasipokielewa. Cigogo, lugha yetu, alijifunza kwa bidii na kwa shida. "Mbukwenyi," alitusalimia, akilivuta neno kana kwamba lina mfupa ndani, na akina mama walijifunika vinywa kwa khanga wacheke. Hakukasirika. Mwezi uliofuata alilisema tena, vibaya vilevile.

Alichukia vumbi, na alikuwa amepelekwa kuishi kwenye vumbi. Alikuwa na kiti cha kukunja alichokipangusa kila alipotaka kukikalia, hata kama amesimama kwa muda wa kukohoa tu. Mbele ya nyumba yake, ambayo ilikuwa tembe kama zetu, paa la udongo na yote, alipanda mrehani kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Mbuzi wakaula. Akapanda tena, wakala tena. Mara ya tatu alimwita mwenye mbuzi, nikadhani leo mtu atalala boma. Alimwambia, "Bwana, mbuzi wako wananukia kuliko mimi. Nakuomba unifikirie." Mwenye mbuzi alicheka, akamjengea ua wa miiba bila malipo. Ndivyo alivyoweza kuwa. Tulimlisha ugali wa uwele na mlenda, akala akisifu, na sote tuliona jinsi koo lake lilivyoukataa ule utelezi. Nayakumbuka haya kwa makusudi, kwa sababu nikianza na mengine nitamfanya mtu mbaya, naye hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo.

Alikuwa na msemo wake: "Kusikia ni nusu ya kutenda." Aliusema mwishoni mwa kila lalamiko, baada ya karani kuandika. Mzee Malogo, jumbe wa kijiji chetu, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata mlinzi, alimjibu siku moja mbele ya baraza zima.

"Bwana Akida, nimeelewa sasa. Wewe unatenda nusu yako kwa kusikia. Na askari wanatenda nusu iliyobaki kwa kiboko. Kazi imekamilika, twende tukanywe."

Baraza liliangua kicheko. Akida naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akasema, "Andika hilo, karani. Andika kwamba Mzee Malogo ameniumiza." Na karani akaandika. Tukaona jinsi lilivyokwisha. Kicheko chetu kilikuwa kimeingia kitabuni, na kitabu kikafungwa.

Siku za kiboko hakuonekana. Sheria ya boma ilikuwa mtu akihukumiwa anachapwa hadharani, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na akida awepo. Akida aliumwa tumbo. Kila mara, tumbo. Karani alikaa mahali pake akihesabu kwa sauti. Mara moja tu akida alilazimishwa kuwapo, kwa sababu Bwana mwenyewe alikuja, na siku hiyo nilimwona akimwambia Bwana jambo kwa upole, mikono nyuma, na Bwana akacheka, na hamsa ishirini zikawa kumi na tano. Hatukujua alisema nini. Aliyechapwa alikwenda siku ya pili yake na kuku mkononi, kumshukuru. Akida alimfukuza. "Unanishukuru kwa kumi na tano?" alimpigia kelele, nasi hatukuwa tumewahi kumsikia akipiga kelele. "Toka! Toka na kuku wako!" Yule mtu alirudi amechanganyikiwa. Alisema kelele zile zilimtisha kuliko kiboko.

Sasa niseme juu ya vyeti, maana hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na kwa kazi hiyo alitaka kukumbukwa.

Aliona, na aliona sawasawa, kwamba ubaya wa askari ulianza mlangoni. Askari alifika, akaingia zizini, akapita mpaka ndani ya nyumba, na hakuna aliyejua kama ametumwa na boma au na njaa yake. Akida akatunga sheria mpya, akaipigania kwa Bwana muda mrefu, akaipata. Askari asivuke mlango wa tembe la mtu. Asimame nje ya zizi, apige hodi, atoe cheti. Juu ya cheti pameandikwa ametumwa nini, kwa nani, na mpaka siku gani, na chini yake muhuri wa akida, wa wino wa zambarau. Bila cheti, mwenye nyumba ana haki ya kumnyima hata maji.

Siku alipoitangaza alivaa kanzu mpya. Alieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Cigogo chake chenye mfupa, kisha akampa kila jumbe karatasi tupu yenye muhuri aende akawaonyeshe watu muhuri ulivyo. Wazee waliishika karatasi kama yai. Mzee Malogo peke yake aliinua mkono.

"Bwana Akida, na sisi tusiojua kusoma?"

Akida aliinuka, akakung'uta kanzu. "Mzee wangu, muhuri hausomwi. Muhuri unaonekana."

Lilikuwa jibu zuri sana. Tulilirudia njiani sote.

Na hapo ndipo palipoharibika, kwa kosa ambalo watu wengine labda wasingelifanya. Sisi tulilielewa neno lake kama alivyolisema. Hatukusoma, tulitazama. Karatasi yoyote yenye doa la zambarau ikawa amri. Zamani mtu aliweza kumwambia askari, "Wewe ni mwizi," akapigwa, lakini alikuwa amesema. Sasa askari alitoa karatasi mfukoni, na mwenye nyumba mwenyewe akafungua zizi. Palikuwa na askari aliyetembea na cheti kimoja mwaka mzima, kimelainika kwa jasho kama kitambaa. Na askari nao, wengi wao, hawakujua kusoma. Mzee Malogo aliokota cheti kilichodondoshwa nyumbani kwake, akakining'iniza mlangoni kiwe kinga. Askari walipokuja aliwaonyesha muhuri, nao wakapiga saluti wakaondoka. Mara tatu ikafaulu. Mara ya nne walifuatana na karani, ambaye alisoma na kukuta kwamba kilikuwa amri ya kumkamata Malogo mwenyewe kwa ulimi wake. Alilala boma siku tano. Aliporudi alisema, "Kinga ilikuwa nzuri, ila ilikuwa yangu."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa kabla ya zamu ya nyumba yetu.

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Wazazi wetu walikufa kwa ndui ndani ya mwezi mmoja, nikiwa nasoma misheni mwaka wa pili. Mwalimu alitaka nibaki. Nikamwuliza nani atachota maji, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimejua kusoma, kuandika kwa shida, na nyimbo kumi na moja. Nyumbani walikuwepo Ndahani, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na Sechelela, ambaye alikuwa bado anabebwa. Ndugu za baba walitaka kutugawa, huyu kwa huyu na yule kwa yule. Nikakataa. Walisema msichana hawezi kushika nyumba. Niliishika. Ndahani alikua, akawa na mabega, akaanza kusema "nyumba yangu" kwa utani, nami nikamwachia aseme.

Askari tuliyemwita Tai, kwa ile nembo ya kofiani, alikuja mchana, tukipura uwele. Alipiga hodi nje ya zizi kama sheria inavyotaka. Akatoa cheti. Muhuri ulikuwepo, zambarau. Majirani waliokuwa wakitusaidia kupura waliinamisha vichwa. Mimi nikasema, "Nipe nisome."

Alinipa. Nadhani alidhani natania. Nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa: "Mleta cheti hiki apewe punda wawili wa kuchukua maji, siku tatu." Na siku yenyewe ilikuwa imepita zaidi ya mwaka.

"Hiki ni cha punda," nikamwambia. "Na kimekufa."

Tai alikitazama cheti, akanitazama mimi, akamtazama Ndahani. Akacheka.

"Basi punda wa kwanza ni huyu," alisema. "Wa pili nitampata mbele."

Ndahani aliniangalia aone nitasema nini. Nilikuwa nimeshasema yote niliyokuwa nayo. Tai alimfunga mkono kwa kamba na kumwondoa, na majirani walifungua njia. Mmoja aliniambia kwa upole, "Muhuri ulikuwepo, binti." Tulisikia baadaye kwamba alipelekwa kwenye tuta la reli, upande wa Gulwe, ambako walikuwa wanakusanya watu wa kuchimba.

Mwezi ulipoandama nilikwenda barazani. Mwanamke hakusema kwenye baraza lile. Alisemewa. Msemaji wangu alikuwa baba mdogo, ambaye njia nzima aliyakariri maneno niliyompa, na alipofika mbele alisema habari za ng'ombe wake mwenye kuhara. Nikasimama nilipo, nyuma kwenye akina mama. Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mketishe huyo, hana mume wala baba?"

Akida aliinua mkono. "Cheti hicho alikisoma nani?"

"Mimi, Bwana Akida."

"Basi aliyesoma ndiye shahidi, na shahidi hasemewi. Njoo mbele, mwanangu."

Ndivyo nilivyopata kusema, wa kwanza kati ya wanawake wa kwetu. Sikumwomba. Alinipa mwenyewe, mbele ya wazee waliomchukia kwa kunipa. Nilikariri cheti neno kwa neno. Nilipofika kwenye punda wawili, nilimwona akifumba macho. Alikijua. Ulikuwa mwandiko wake. Herufi za kizungu alijifunza ukubwani, baada ya zile za Kiarabu, akaziandika pole pole, kila moja imesimama peke yake kama mtu asiyewaamini wenzake, na mimi nilikuwa nimeziona.

"Unataka nini?" aliniuliza.

"Nataka ndugu yangu. Kama hayupo, niambiwe hayupo. Kwetu kumlilia mtu aliye hai na kunyoa nywele kwa ajili yake ni kumwitia kifo, na kumngoja aliyekufa ni kumnyima njia. Niambie nimngoje au nimlilie."

Aliinuka, akakung'uta kanzu. Kisha akasema, "Nimesikia. Leo hii barua itaandikwa kwa msimamizi wa reli, na kwa muhuri wangu."

Mwezi wa pili aliniambia, "Barua imekwenda." Mwezi wa tatu, "Tunangoja jibu." Mwezi wa nne, "Jibu la mambo kama haya huchelewa, lakini kuchelewa si kukataa." Nikamwuliza juu ya Tai. "Yule amehamishwa," alisema, akiwa na furaha ya kweli, kwa sababu hilo alilifanya. Alikuwa anawahamisha. Askari aliyelalamikiwa mashariki alipelekwa magharibi, wa magharibi akaja mashariki, kama mtu anayehamisha kaa la moto kutoka kiganja kimoja kwenda kingine na kusema ameuzima moto. Baada ya mavuno nilimwona Tai bonde la pili, amenenepa. Nilipolisema hilo barazani, akida alisema, "Asante kwa taarifa. Bonde la pili nalo litaleta malalamiko yake, nami nitayasikia."

Niliuliza kila mwezi. Mvua zikaja, zikapita, nikauliza. Watu walizoea. Wengine walianza kuondoka nikisimama, wakijua baraza limefika mwisho. Akina mama walinitania kisimani, "Mwezi umeandama, nenda kaposwe na akida." Wachumba wangu wawili walichoka kungoja nimalize kuuliza, wakaoa kwingine. Msichana aliyekuwa ameposwa kwa ajili ya Ndahani alikuja mara moja na mama yake, wakakaa, wakanywa uji, wakaniuliza swali lilelile ninalomwuliza akida. Nikajikuta nawajibu, "Barua imekwenda, tunangoja jibu." Nilisikia sauti ya nani ilikuwa kinywani mwangu, nikatoka nje nikaenda kukaa na ng'ombe.

Kuna jambo moja alilolifanya, nalo lilidumu. Mwaka wa pili wa kuuliza kwangu alitangaza kwamba katika kijiji chetu hakuna cheti kitakachokuwa na nguvu mpaka nikisome mimi. Aliandika, akatia muhuri, Bwana akakubali. Tangu siku hiyo askari waliokuja kwetu walipiga hodi kwangu kwanza. Nilisoma. Kilichokufa nilikiita kimekufa, na cha kijiji kingine nilikirudisha kwa mwenyewe. Walinitukana, mmoja alinipiga kibao, lakini hawakuvuka. Watu wa vijiji vya jirani walianza kuja mbio, wamemwacha askari akila kwao, "Njoo usome, dada, kabla hajamaliza kuku." Nilikwenda nimemshika Sechelela mkono. Kwa hiyo mageuzi yote ya polisi ya akida, ukiyakusanya na kuyahesabu, yalikuwa mimi na miguu yangu. Nilipougua homa wiki mbili, hakukuwa na sheria wilayani.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Baraza hili ni chungu kibichi, mwanangu. Wewe unataka nikigonge tusikie kama kimeiva."

"Ndiyo, Bwana Akida."

"Kitapasuka."

"Basi tutajua kwamba kilikuwa kibichi."

Mzee Malogo alipiga makofi peke yake. Akida aliinamisha kichwa kana kwamba nimemshinda kwenye bao, akamwambia karani aandike.

Sijui kama alikuwa mwoga. Nimelifikiria sana. Mwoga angenikataza kusema, na mwoga asingefukuza kuku wa watu. Lakini sikuwahi kumwona akilitaka jambo kiasi cha kupoteza kiti chake cha kukunja kwa ajili yake. Bwana alipopita, akida alikuwa mfupi kwa kiganja kizima. Bwana alipoondoka, alirudi urefu wake, na ukimwangalia vizuri uliona kwamba anajua kuwa umeona.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka wa vita. Misimu sita ya mvua ilikuwa imepita tangu kamba ifungwe mkononi mwa Ndahani. Waingereza walikuwa wanateremka kutoka kaskazini, Wajerumani wanaondoka, na kila aliyekuwa na bunduki alikuwa anatafuta mtu wa kumbebesha mzigo. Nilikuwa nje, napepeta. Mtu alikuja peke yake kwa njia ya boma, furushi kichwani, kanzu imekuwa na rangi ya nchi yetu. Sikumtambua mpaka alipopiga hodi nje ya zizi.

Nikamkaribisha. Nikamletea maji kwa mikono miwili, maana mgeni ni mgeni. Alikunywa yote, nikampa mengine.

"Boma je?" nikamwuliza.

"Limefungwa. Makaratasi wameyachoma uani siku mbili. Kitabu cha baraza kilikuwa kikubwa, kikachelewa kushika moto."

"Kwa hiyo baraza halipo."

"Halipo, mwanangu."

"Na Bwana hayupo."

"Amekwenda."

"Basi leo nakuuliza mimi na wewe. Nimngoje au nimlilie?"

Alikizungusha kibuyu cha maji mkononi. Kisha akasema, "Mlilie."

Nilishika ungo nisiumwage.

"Umejua lini?"

"Mwezi ule wa pili ulipokuja kuniuliza. Msimamizi alipita akielekea boma, akanieleza. Mvua isiyo ya msimu ilinyesha usiku, asubuhi tuta likaporomoka. Yeye na wenzake. Waliwazika palepale kando, kazi ikaendelea."

"Ulisema barua imekwenda."

"Sikuiandika. Bwana alikataza habari za tuta zisisemwe barazani, watu wasikimbie kazi. Ningesema, siku ya pili yake kusingekuwa na baraza. Nikapima. Nikaona heri baraza lenye jambo moja lililofichwa kuliko kutokuwa na mahali pa kusemea kabisa. Na wewe ulipata kusoma vyeti. Watu wangapi hawakuchukuliwa kwa ajili yako? Nilipima, mwanangu. Sikulala, lakini nilipima."

Alikuwa anajibu vizuri. Hata pale, na furushi miguuni, maneno yake yalikuja yakiwa yamepangwa, nami nilijikuta nikiyafuata moja baada ya jingine kama ng'ombe anayefuata chumvi, mpaka nikasimama.

"Kila mwezi nilikuja," nikasema. "Kila mwezi ulinitazama usoni."

"Nilidhani utachoka."

"Mimi ni wa kwanza kuzaliwa."

Aliweka kibuyu chini taratibu. Baadaye alisema, "Unisamehe," kwa Cigogo, na safari hii alilisema sawasawa. Huenda alikuwa amelifanyia mazoezi njiani. Nilitaka kumjibu, na nilipotafuta neno nikaona hakuna ambalo hajalitumia yeye kwanza. Nikamwonyesha njia kwa mkono. Nikamwambia apite kwenye korongo, asipite barabarani, maana barabarani asubuhi ile askari walikuwa wanakamata watu wa kubeba mizigo na hawaulizi umri. Alinishukuru. Akajitwika furushi, akashuka korongoni, na kanzu yake ikapotea upesi kwa kuwa ilifanana na udongo.

Mzee Malogo, ambaye alikuwa amemwona kutoka kwake, alikuja na fimbo yake, anahema.

"Amesemaje leo? Barua imefika?"

"Ameniambia nimlilie."

Mzee Malogo alilaza fimbo yake chini. Akavua kofia. Akaketi chini, mavumbini, pale pale alipokuwa amesimama.

Sechelela alikuwa anarudi kutoka kisimani, sasa msichana mkubwa wa kubeba mtungi uliojaa. Alituona, akasimama. Nikamwambia atue mtungi, aende kwa jirani akaazime wembe.